Maswali na Majibu: Sufuria Kubwa ya Kuchemshia Bia ya Nyumbani

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zinaulizia sufuria ya kuchemshia, ambayo kwa mtengenezaji wa bia nyumbani ndiyo kifaa kikubwa cha kwanza kukinunua. Tumechagua sita, na tumezifupisha pale ambapo waandishi wake walirefusha.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Hadi sasa nimekuwa nikitengeneza bia kwa kimea kizito cha kopo, yaani sharubati nzito ya kimea iliyo tayari, nikichemsha lita 10 tu katika sufuria ya kawaida ya jikoni, kisha nikiongeza maji baridi hadi lita 20. Sasa ninataka kuchemsha kiasi chote kwa pamoja na hatimaye kuanza kutumia nafaka zenyewe. Nimeonyeshwa sufuria ya lita 25, na muuzaji ananihakikishia kwamba inatosha kwa bia ya lita 20 na nafasi itabaki. Je, niinunue?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usiinunue. Muuzaji wako hasemi uongo, kwa kuwa lita 20 za bia zinaingia kweli katika sufuria ya lita 25. Tatizo ni kwamba kinachobandikwa jikoni si bia, na wala hakianzi kikiwa lita 20. Ukubwa wa sufuria hukadiriwa kwa kuanza na kile unachotaka kipatikane mwishoni, kisha kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi dakika ile maji ya kimea, yaani kioevu kitamu kinachotokana na kimea na ambacho baadaye huchachuka kuwa bia, yanapoanza kuchemka, kwa sababu hapo ndipo sufuria inapokuwa imejaa kuliko wakati mwingine wowote.

Tufanye hesabu hiyo kwa mfano wako. Unataka lita 20 katika chombo cha kuchachushia. Kitakoni mwa sufuria yatabaki mashapo ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu wake) na ya protini zilizoganda, ambayo hayafai kumiminwa pamoja na yaliyo safi, nayo hubaki na takribani lita 2 za maji ya kimea. Kwa hiyo unahitaji lita 22 zilizopoa. Maji yanapopoa kutoka nyuzijoto 100 hadi 20 hupungua ujazo kwa asilimia 4 hivi, maana yake ni kwamba lita hizo 22 zilikuwa karibu 23 wakati moto ulipozimwa. Katika saa moja ya kuchemka bila mfuniko, sufuria ya nyumbani hupoteza kwa mvuke kati ya lita 3 na 5, nasi tuchukue 4. Tumefika lita 27, na sufuria ya muuzaji wako imeshamwaga kabla hata povu halijapanda.

Na povu litapanda. Protini za kimea zinapoanza kuganda, muda mfupi kabla ya maji kutokota na dakika chache baada yake, huinua tabaka zito la povu linaloweza kupanda hadi ukingoni kabla hujageuka kutafuta kitambaa; na pale unapotia hopsi za kwanza, hupanda tena. Mimi hupendekeza iachwe nafasi tupu isiyopungua robo ya kile kilichomo. Robo ya 27 ni karibu 7, na ndiyo maana nasema kwamba kwa bia ya lita 20 sufuria ya lita 35 ni kiwango cha chini, na ya lita 40 ndiyo inayokuacha ukafanya kazi bila wasiwasi.

Kwa kuwa umetaja nafaka, hesabu inaongezeka kidogo ikiwa utatumia njia ya mfuko, yaani kuloweka kimea kilichoparazwa ndani ya mfuko wa kitambaa katika sufuria ileile ya kuchemshia. Kilo 5 za kimea, ambazo hutosha kwa bia ya nguvu ya kawaida, hunyonya lita 3 hadi 4 za maji hata baada ya mfuko kukamuliwa, na zenyewe huchukua nafasi ya lita 3 na nusu nyingine. Maji ya kuanzia yatakuwa karibu lita 30, na jumla ya vilivyomo wakati wa kuloweka itapita lita 33. Sufuria ya lita 40 inabeba mzigo huo vizuri. Lakini ukitaka siku moja kutengeneza bia kali inayohitaji kilo 8 za nafaka, jumla itafika lita 38, na hapo kukoroga bila kumwaga kutakuwa kazi ngumu. Anayejua kwamba anapenda bia za aina hiyo na achukue lita 50 tangu mwanzo. Anayeloweka nafaka katika chombo kingine haathiriwi na hesabu hii, na lita 40 zitamtosha kabisa.

Kabla ya kulipa, chukua rula. Nambari iliyoandikwa ubavuni ni ujazo hadi ukingoni kabisa, na wakati mwingine imekadiriwa kwa ukarimu. Pima kipenyo cha ndani na kina kwa sentimita, zidisha nusu ya kipenyo kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa kina, na ugawe kwa 1,000 upate lita. Sufuria yenye kipenyo cha sentimita 36 na kina cha sentimita 36 ina lita 36 na nusu hivi, hata kama ubavuni pameandikwa 40. Yenye sentimita 40 kwa 40 inafika lita 50. Umbo linalofaa ni hilo la kina kinacholingana na kipenyo au kukizidi kidogo. Sufuria pana na fupi huvukiza kwa haraka na hutokeza nje ya jiko, ilhali ndefu na nyembamba husumbua kukoroga na hupinduka kwa urahisi zaidi ikigongwa.

Usiruke upande wa pili pia ukanunua sufuria ya lita 80 kwa kuwa huenda siku moja ukatengeneza nyingi. Hata katika ile ya lita 50 yenye kipenyo cha sentimita 40, lita 10 zina kina cha sentimita 8 tu: kipimajoto cha ubavuni kitakuwa kinapima hewa, na koili ya kupozea, yaani bomba lililopindwa mviringo la kupitishia maji baridi, itabaki nusu nje ya maji.

Mambo mawili ya nyongeza. Sufuria mpya ikishafika nyumbani, chemsha ndani yake maji matupu ya kiasi unachokusudia kwa saa moja kamili, kwa moto uleule utakaoutumia, kisha pima yaliyopotea. Kiasi hicho ndicho utakachokitumia katika hesabu zako zote, na ni cha kuaminika kuliko ile 4 niliyoikisia hapo juu. La pili, hopsi hutoa uchungu wake kwa uhafifu katika maji mazito ya kimea kuliko katika mepesi. Ulipokuwa ukichemsha lita 10 nzito na kuziongezea maji, sehemu ya uchungu ilikuwa inapotea, na rangi ilikuwa inakolea kupita kiasi. Sasa ukichemsha kiasi chote, hopsi zilezile zitakupa bia chungu zaidi na yenye rangi nyepesi zaidi, kwa hiyo punguza hopsi kidogo katika awamu ya kwanza, uonje, ndipo uamue.

SWALI: Ndugu Mhariri, jiko langu ni la umeme lenye bamba la kioo, na sahani yake kubwa ina wati 2,000. Marafiki wote wananiambia ninunue sufuria ya lita 40. Je, jiko hili litaichemsha?

JIBU: Swali hili lingepaswa kuulizwa na kila mnunuzi kabla ya kuuliza ukubwa, kwa sababu sufuria isiyopata moto wa kutosha ni ndoo ya chuma tu. Jibu ni kwamba jiko lako litayapasha moto maji ya kimea lita 27, litayafikisha karibu na kuchemka kwa kujikokota, lakini haliwezi kuyafanya yatokote kwa nguvu.

Tazama hesabu. Kutoa lita 27 katika nyuzijoto 65, ambazo ni joto la kawaida la kulowekea nafaka, hadi 100 kunahitaji kama uniti 1.1 za umeme zinazoingia ndani ya maji yenyewe. Tukikubali kwamba theluthi moja ya joto la sahani inapotelea hewani na ubavuni mwa sufuria, hiyo ni kazi ya dakika 50 au zaidi, na inavumilika. Ugumu unaanza baada ya hapo. Kugeuza lita 4 za maji kuwa mvuke kwa saa moja kunakula kama uniti 2 na nusu, na sahani yako, hata kama isingepoteza joto lolote, inatoa uniti 2 tu kwa saa. Utapata maji yanayotetemeka juu na povu linalozunguka pembeni. Si kwamba lazima upoteze lita 4 ndipo bia ipatikane. Hata lita 2 zinatosha mradi maji yote yanajigeuza yenyewe kutoka chini hadi juu. Lakini mwendo huo wa kujigeuza lazima uwepo, kwa kuwa ndio unaokusanya protini zikaganda na kuzama, ndio unaotoa uchungu wa hopsi ipasavyo, na ndio unaosukuma nje kwa mvuke harufu ya mboga zilizochemshwa ambayo kimea cha rangi nyepesi hubeba.

Njia za kutoka zipo. Inayonivutia zaidi ni kupunguza kiasi cha bia badala ya kuongeza moto. Bia ya lita 10 huanza kuchemka ikiwa lita 14 au 15, sufuria ya lita 20 inaitosha, jiko lako litaitokotesha bila shida, na yule anayejifunza hupata nafasi ya kujaribu mapishi mawili mahali pa moja. Watu huliona jambo hili kama kushindwa, nami sioni kwa nini. Ukishikilia lita 20, basi unaweza kuongeza kifaa cha umeme cha kuzamisha ndani ya maji, kilichotengenezwa kwa ajili ya vyakula, kisaidiane na sahani. Unaweza pia kuuvika ubavu wa sufuria blanketi la kuzuia joto, jambo linalofaa kwenye jiko la umeme peke yake na lisilofaa kamwe penye ndimi za moto. Anayechagua jiko la gesi lenye moto mkubwa na alitumie nje, mahali wazi kabisa. Majiko hayo yakiwashwa ndani ya nyumba hujaza kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi na huua, na kufungua dirisha hakutoshi.

Kuhusu bamba lako la kioo, fahamu kwamba lita 27 pamoja na sufuria yenyewe ni zaidi ya kilo 30. Soma maelekezo ya jiko ujue linabeba uzito gani, chagua sufuria yenye kitako bapa kisichozidi sana upana wa sahani, na usiiburute hata kidogo ikiwa imejaa. Kwa wasomaji wenye majiko ya induksheni, yaani yanayopasha sufuria moto kwa nguvu ya sumaku, sharti ni moja: sumaku inate kitakoni. Alumini haivutwi na sumaku, na chuma cha pua cha aina bora zaidi kwa kawaida hakivutwi pia, isipokuwa kama kimetiwa kitako cha tabaka lenye chuma cha kuvutwa na sumaku. Nenda dukani na sumaku ndogo mfukoni.

Nimeulizwa vilevile, na msomaji anayeishi mahali palipo juu sana, kama mwinuko unabadilisha lolote. Maji huchemka kwa joto la chini kwa takribani nyuzi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo katika mita 1,500 yatachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hopsi zitatoa uchungu pungufu kidogo, sufuria haibadiliki.

SWALI: Mama mkwe wangu amenipa sufuria ya alumini ya lita 40 ambayo kwa miaka mingi ilitumika kukaangia. Mume wangu anasema alumini inaingia katika bia na kuharibu ubongo, na kwamba tununue ya chuma cha pua. Nani ana haki?

JIBU: Dada yangu, mshukuru mama mkwe na umtulize mume. Hofu ya alumini na maradhi ya kusahau ilianza kusambaa miongo kadhaa iliyopita, na utafiti uliofuata haukuthibitisha kwamba kupikia katika sufuria za alumini kunasababisha maradhi hayo. Kwa upande wa bia yenyewe, maji ya kimea yana uchachu mdogo, wa pH 5.2 hadi 5.5 (kipimo ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi), na hayo hukaa katika sufuria kwa saa chache tu. Juu ya alumini kuna utando mwembamba wa oksaidi unaoilinda, nao unastahimili uchachu wa kiwango hicho. Mchuzi wa nyanya, ambao hatuuogopi, ni mchachu kuliko maji ya kimea.

Utando huo ndio unaopaswa kuutunza. Kabla ya bia ya kwanza, jaza sufuria maji hadi karibu na ukingo na uyachemshe kwa nusu saa au zaidi. Ndani patageuka rangi ya kijivu au hudhurungi hafifu, na hivyo ndivyo panavyotakiwa kuwa. Tangu siku hiyo usiisugue kwa waya ikang'aa. Usiioshe kwa magadi makali, kwa soda ya kuzibulia mabomba, wala kwa zile poda za kusafishia zinazotoa oksijeni ambazo watengenezaji wa bia huzipenda, kwa kuwa zote zina ualkali unaokula alumini. Sabuni ya kawaida ya vyombo, maji ya moto na sifongo laini vinatosha. Na usiache bia ichachuke humo: wakati wa kuchachuka pH hushuka hadi karibu 4, na inakaa hivyo kwa majuma, jambo ambalo ni tofauti kabisa na saa moja ya kuchemsha.

Kinachonitia wasiwasi katika zawadi yako ni mafuta, kwa sababu mafuta huua povu la bia, na sufuria ya kukaangia huwa nayo katika mikunjo ya ukingo na kuzunguka misumari ya masikio, mahali ambapo sifongo haifiki. Ioshe kwa maji ya moto sana na sabuni ya vyombo, rudia, kisha chemsha maji matupu na uyaangalie kwa mwanga wa pembeni. Ukiona duara hata moja la mafuta linaelea, rudia tena. Kisha iandike kuwa ni ya bia peke yake na uwaombe walio nyumbani waheshimu maandishi hayo.

Kama ungekuwa unanunua kwa fedha yako mwenyewe, uamuzi ungekuwa mgumu zaidi, maana kila madini yana sababu zake. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko chuma cha pua, na uzito wake kwa ujazo uleule ni kama theluthi moja, kwa hiyo sufuria ya alumini ni nyepesi, hupata moto sawasawa na haishiki ukoko upesi. Chuma cha pua ni kigumu, hakibonyei ovyo, na kinavumilia karibu kila dawa ya kusafishia isipokuwa klorini, ambayo hukitoboa vitundu vidogo. Aina inayotafutwa ni ile ya 304, ambayo pia huandikwa 18/8 kwa sababu ya asilimia 18 za kromiamu na 8 za nikeli zilizomo. Kromiamu hiyo hujijengea utando wake, na ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe mradi hewa inaufikia. Lakini ukisugua kwa sufi ya chuma utaacha vipande vidogo vya chuma cha kawaida, na hivyo ndivyo vitakavyoshika kutu ukadhani ni sufuria imeshika. Tabaka gumu la madini linaloganda humo baada ya kutumika mara nyingi huondolewa kwa maji ya moto yaliyotiwa asidi ya limau.

Udhaifu wa chuma cha pua ni kitako chembamba. Joto halisambai, linabaki juu ya ndimi za moto, na kimea kizito kikitua pale kinaungua na kuacha ladha ya moshi isiyoondoka. Ndiyo maana sufuria nzuri huwa na kitako cha tabaka tatu, alumini ikiwa katikati ya chuma. Kitako cha namna hiyo kina faida kubwa kwenye jiko la umeme na kwa anayetumia kimea cha kopo. Kwa anayetumia nafaka na moto mpana wa gesi, si lazima. Kwa vyovyote vile, zima moto kwanza unapomimina kimea kizito, koroga mpaka kiyeyuke chote, ndipo uwashe tena.

Sufuria za enameli sizipendekezi kwa ukubwa huu, kwani pigo moja hubandua enameli, na chuma kilicho chini yake kikigusana na maji ya kimea huleta ladha ya chuma na kuifanya bia ichakae upesi. Shaba nyekundu inapendeza macho na hupitisha joto kuliko zote, lakini ile kutu yake ya kijani ni sumu na hudai kusafishwa kila mara. Mwachie mwenye muda.

SWALI: Je, ni lazima sufuria iwe na koki? Zenye koki ni chache, na fundi jirani anasema anaweza kuitoboa niliyo nayo.

JIBU: Kwa sufuria ya lita 20 si lazima. Kwa ile ya lita 35 na kuendelea ninaihesabu koki kuwa ni kifaa cha usalama. Sufuria iliyojaa ina uzito wa zaidi ya kilo 30, na vilivyomo ni moto kiasi cha kuunguza, ni vitamu, na hunata kwenye ngozi. Hakuna mtu anayepaswa kuinyanyua, awe peke yake au na msaidizi. Pasipo koki, poza maji ya kimea palepale jikoni kwa koili, kisha yahamishe kwa mpira wa kufyonzea.

Fundi akitoboa, tundu liwe sentimita 2 au 3 juu ya kitako, si chini zaidi, ili mashapo yabaki chini na ili nati ya kukazia ipate nafasi bapa. Chuma cha pua kitobolewe polepole, kwa mkazo mkubwa na mafuta ya kupoza ncha ya keekee. Ukienda mbio chuma kinakuwa kigumu na ncha inakufa. Alumini hutoboka bila ubishi. Koki inaweza kuchomelewa au kufungwa kwa nati na washa za silikoni. Kuchomelea ni kuzuri ikiwa fundi anajua kazi ya vyombo vya chakula, ndani pakabaki laini bila mashimo. Kama huna hakika naye, chagua ya kufunga kwa nati, ambayo unaweza kuifungua mwenyewe. Na uifungue kweli, pamoja na koki yenyewe, kwa sababu maji ya kimea hubaki nyuma ya tufe la ndani linalofungua na kufunga koki na kuoza huko mahali usipopaona. Koki inayogawanyika vipande vitatu imetengenezwa kwa ajili hiyo.

Vitu vingine vinavyouzwa pamoja na sufuria, kama vile kipimajoto cha ubavuni na bomba la kioo la kuonyesha kiasi, ni vya hiari, na kila kimoja ni tundu jingine la kuvuja. Kipimajoto cha mkononi kinafanya kazi bora zaidi kwa kuwa unakipeleka popote. Badala ya bomba la kioo, tengeneza kijiti cha kupimia: mimina lita moja moja za maji na uweke alama. Katika sufuria yenye kipenyo cha sentimita 35 kila sentimita moja ya kina ni karibu lita 1, na katika ile ya sentimita 40 ni lita 1 na robo, kwa hiyo hata rula ya chuma itakufaa.

SWALI: Nimepata pipa la chuma la bia la lita 50 na ninafikiria kulikata juu liwe sufuria. Ni wazo zuri?

JIBU: Ni sufuria imara sana, ukubwa wake unafaa, na mara nyingi limetengenezwa kwa chuma kilekile cha 304. Lakini jiulize kwanza kama ni lako. Mapipa mengi hubaki kuwa mali ya kiwanda hata baada ya mtu kuweka amana, kwa kuwa amana si bei ya kulinunua. Tafuta lililouzwa rasmi kama chakavu. Pili, pipa linaloonekana tupu huweza kuwa bado na mgandamizo ndani, na watu wameumizwa na vali iliyofyatuka. Mgandamizo utolewe na anayeijua vali ya aina hiyo, kabla chombo chochote cha kukatia hakijaligusa. Likishakatwa, ukingo upigwe tupa vizuri, maana utapitisha mkono humo kila utakapoosha. Na kumbuka kwamba kitako chake kimebonyea: haliwezi kukaa kwenye jiko la bamba.

SWALI: Sufuria yangu imekuja na mfuniko mzito. Niutumie wakati gani, ikiwa natakiwa kuchemsha bila kufunika?

JIBU: Utumie wakati wa kupasha moto, hadi kabla kidogo ya kuchemka, kwani huokoa muda na nishati, maji yakikaribia kutokota uondoe na usimame karibu, kwa sababu povu lililofichwa na mfuniko hujulikana pale tu linapofika kwenye jiko. Likipanda, punguza moto na ulinyunyizie maji baridi kidogo kidogo. Wakati wa kuchemka kwenyewe mfuniko ukae pembeni, la sivyo ile harufu ya mboga inayopanda na mvuke itagusa mfuniko, igeuke matone na kurudi ndani. Mwenye moto hafifu anaweza kufunika theluthi moja ya sufuria, si zaidi. Moto ukishazimwa na maji ya kimea yakianza kupoa chini ya nyuzijoto 80, funika tena bila kubana, koili ikiwa ndani, ili vumbi na hamira za mwituni zisipate mlango.